Juni ya Watoto: Historia ya Likizo kati ya Umatengo na Ziwa Nyasa

Shule zinapofungwa mwanzoni mwa Juni, nyumba za Umatengo, nchi ya milima ya Wamatengo mkoani Ruvuma, huwa na kazi tatu kwa wakati mmoja. Mahindi yamekauka shambani, maharage yaliyopandwa Machi yanang'olewa, na kahawa imeanza kuwa nyekundu. Baridi imekolea. Watoto wa Mbinga na Litembo huota moto asubuhi wakiwa wamejitanda khanga za mama zao juu ya sweta. Ukishuka kilomita 66 za barabara hadi Mbamba Bay, kwenye ziwa lililo mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari, unawakuta wenzao vifua wazi, wanajirusha majini kutoka kwenye mawe.

Mbinga na Nyasa zilikuwa wilaya moja hadi 2012, na likizo yao ni ile ile ya nchi nzima. Lakini tukisema kwamba watoto wa huku hupewa likizo ya Juni na shule, tunaisimulia historia miguu juu. Juni ilikuwa na kazi zake, michezo yake na vyakula vyake kabla hakujawa na kengele ya shule hata moja kati ya Kigonsera na Liuli. Shule ilipofika ilikuta mwezi huo una wenyewe. Kilichobadilika katika miaka mia hii ni jambo jingine: mtoto anakula na nani.

Wamatengo hawakuanza kukaa kwenye miteremko ile kwa kupenda mandhari. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia Ruvuma wakitokea kusini mwa Afrika, na waliokuwa wakilima mabondeni walisukumwa milimani, mahali ambapo adui angewafikia akihema. Mlimani kuna usalama, ila udongo hauna breki. Jibu lao lilikuwa ngoro. Machi, mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza ardhini kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi zile. Kinachobaki ni shimo lenye tuta pande zote nne, na mlima mzima ukiutazama kwa mbali unaonekana kama sega la nyuki. Maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kuporomosha udongo, nyasi huoza chini ya tuta na kuwa mbolea, na juu yake yanapandwa maharage. Msimu unaofuata ni zamu ya mahindi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Kyoto, Japani, walikuja kuyachunguza mashimo hayo katika miaka ya 1990, wakati wenyeji wameyachimba kwa zaidi ya karne bila kumwomba mtu cheti.

Shamba la namna hiyo halilimwi na mume na mke peke yao. Ukoo ulikaa kwenye ntambo, yaani kigongo kizima cha mlima kati ya vijito viwili, babu akiwa na wanawe waliooa na wajukuu. Na ukoo huo ulikuwa na sengu. Kila mama alipika jikoni kwake, lakini chakula kilipelekwa mahali pamoja kwa mzee, kikaliwa pamoja. Hapo ndipo kazi za kesho zilipopangwa, ugomvi ukaamuliwa, na vijana wakafundishwa adabu na kilimo bila kuitwa darasani. Fikiria maana yake kwa mtoto mdogo. Februari, unga ulipopungua na mahindi mapya bado yako kijani, yule ambaye mama yake ni mgonjwa au kibuyu chao ni kitupu bado alinawa mikono na kukaa na wenzake. Hakuna aliyejua kwa hakika tonge lile limetoka jiko gani.

Juni ndiyo iliyokuwa tamu zaidi. Kabla mahindi hayajatawala, ugali ulikuwa wa ulezi, na ulezi huo huo uliooteshwa ukawa kimea ndio unaotia utamu kwenye togwa. Togwa ni pishi ambalo mtoto wa miaka saba analiweza akisimamiwa. Unapika uji, unauacha upoe hadi uweze kutia kidole bila kuungua, unamimina unga wa kimea na kukoroga. Mnatazama. Uji uliokuwa mzito unalegea wenyewe, na baada ya muda unageuka mtamu bila kutiwa chembe ya sukari. Wahenga wa Umatengo hawakuhitaji somo la kemia kujua kwamba kimea kikitiwa kwenye uji wa moto mno kinaharibika. Mtoto asiye na subira hujifunza hilo siku ile ile, kwa sababu sufuria yote inabaki uji.

Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni ya Kigonsera mwaka 1899 na baadaye wakapanda milimani hadi Litembo. Shule zao zilichukua baadhi ya watoto, wengi zikawaacha. Lakini pigo kwa sengu halikutoka kanisani. Lilitoka kwenye mti.

Kahawa ya arabika iliingia Umatengo katika miaka ya kati ya vita kuu mbili za dunia, na katika miaka ya 1930 kukawa na chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, Wangoni wakiuza tumbaku. Maharage na ulezi vililiwa. Kahawa iliuzwa, na pesa yake iliandikwa kwa jina la mtu mmoja. Mkulima mwenye miche yake alianza kuwa na mfuko wake. Mwenye mfuko wake hununua chumvi yake, sukari yake, bati lake, na haoni sababu ya mkewe kubeba sinia hadi kwa kaka mkubwa. Vijiji vya Ujamaa vya miaka ya 1970 vikaongeza lao, kwa kuwa mamlaka ya mzee wa ntambo yalihamia ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji. Wapo wanaosema sengu iliuawa na dini au na siasa. Mimi nasema kahawa ndiyo iliyogawa sinia, na siasa ilikuta limeshagawanyika.

Hilo halimaanishi kwamba kahawa iliwanyima watoto raha. Uchumaji unataka jicho: tunda jekundu tu, la kijani liachwe, kikonyo kisivunjike. Matawi ya chini ni ya watoto kwa sababu ya kimo. Jioni matunda yanamenywa kwa mashine ya mkono, yanavundikwa, yanaoshwa, kisha yanaanikwa kwenye vichanja, na kazi ya kufukuza kuku na kuokota mbegu mbovu inabaki kwa wadogo. Kuna wanaoona mtoto chini ya mbuni na kuita utumikishwaji papo hapo. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi nyepesi, na ni sheria inayohitajika, maana yapo mashamba ambako mtoto hubebeshwa gunia na kukosa shule. Asubuhi moja ya likizo pamoja na mama, wakiimba na kushindana nani kajaza kikapu, ni jambo tofauti, na mzazi yeyote wa Mbinga anaijua tofauti hiyo. Kahawa yenyewe, kwa taarifa, watoto hao hawainywi. Nyumbani kwa mkulima wa kahawa kunanywewa chai.

Bei ya mbali ilianza kuamua chakula cha karibu. Vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976 na baadaye vikarudishwa. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Baridi ikaunguza mibuni ya Brazili mwaka 1994, na mwaka huo huo wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa nchini. Bei ikapanda, na ghafla kukawa na fedha. Mtoto aliyekulia Mbinga katika miaka hiyo anaukumbuka uchumi wa dunia kwa wali. Mwaka wa bei nzuri, siku ya malipo ilikuwa wali na nyama. Mwaka mbaya ilikuwa makande, na makande ya Juni, yenye maharage mapya ambayo ganda lake bado laini, kwa kweli hayakuwa adhabu.

Mchezo haukufuata bei. Juni ni mwezi wa magari ya mabua, na sababu ni ya kilimo: bua la mahindi likiwa bichi halifai, likikaa sana linabomoka. Wiki chache baada ya mavuno ndizo zake. Mtoto hulimenya kwa meno au kwa kisu cha kuibia jikoni, akapata vitu viwili: moyo mweupe, mwepesi, unaochomeka kirahisi, na ganda gumu linalopasuliwa kuwa vijiti. Moyo ni bodi ya lori, vijiti ni misumari. Magurudumu hukatwa kwenye ndala zilizochakaa, au ni vipande vya bua lenyewe. Lori zima halina gundi wala waya, na linabeba mzigo wa kahawa mbovu hadi uani. Wasichana, na wavulana wasiotaka kuonekana, hutengeneza mwanasesere wa gunzi, nywele zake zikiwa zile zile nyuzi za mhindi. Halafu unakuja mchezo wa baba na mama: mawe matatu, kopo la maziwa, moto wa kweli kama bibi ni mpole, na maharage machache yaliyotoroshwa kwenye kapu. Wanakaa kwa duara na kugawana kwa vijiko vya majani. Mtoto ambaye hajawahi kusikia neno sengu anaicheza.

Ziwani historia ilipita njia nyingine. Wanyasa, Wampoto na Wamanda wa mwambao huu walikuwa na muhogo na samaki. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliwafikia kwa maji kutoka kisiwa cha Likoma, na meli yao Chauncy Maples, iliyoshushwa ziwani mwaka 1901, ilikuwa ikipita bandari hadi bandari kwa ajili ya mafundisho na tiba. Padri William Percival Johnson, aliyetembea mwambao huu kwa miongo kadhaa na kuandika kitabu juu ya ziwa hili mwaka 1922, alifia Liuli mwaka 1928. Liuli ndipo mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake wenye umbo la Sphinx, na Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliikuta ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale ufukweni na kuipiga mizinga. Wapo wanaoyaita hayo mapigano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa watoto wa Liuli mwamba ule ni mahali pa kupanda.

Kazi ya watoto ufukweni ni usipa. Wavuvi huondoka usiku usio na mwezi wakiwa na taa, zamani karabai na sasa taa za umeme wa jua, na kurudi alfajiri. Samaki hao wembamba, wasiozidi urefu wa kidole, huanikwa mchangani au kwenye vichanja, na mtoto hukabidhiwa fimbo na eneo lake la kulinda dhidi ya kunguru na mbwa. Wa kichanja huuzwa ghali kuliko wa mchanga, na anayewapika anajua kwa nini. Usipa wa mchanga huoshwa maji matatu na bado jino linakwaruza. Mapishi yenyewe ni mepesi. Unawakaanga wakavu chunguni bila mafuta hadi waanze kulia, unatia kitunguu na nyanya, maji kidogo, unakamulia ndimu, basi. Wanaliwa na vichwa vyao kwa ugali wa muhogo, ule mzito unaovutika.

Ugali huo nao uliwahi kukaribia kupotea. Miaka ya 1980 kidung'ata wa muhogo, mdudu aliyeletwa Afrika kwa bahati mbaya kutoka Amerika ya Kusini, alifika hadi huku na kukausha mashamba. Kilichomshinda hakikuwa dawa ya kupuliza, kilikuwa nyigu mdogo aliyetafutwa Paraguay na kuachiwa mashambani katika nchi nyingi za Afrika. Mtaalamu Hans Rudolf Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995 kwa kazi hiyo.

Jina la sengu halikufa kabisa. Katika mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Wajapani wa 1999 hadi 2004, wanakijiji wa Kindimba walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto, na kamati yao wakaiita kwa jina hilo. Sengu ya sasa ina mwenyekiti, katibu na daftari. Inasimamia mali na miradi, na wasichana wamepunguziwa mwendo wa kubeba mahindi kichwani. Sinia halimo kwenye ajenda.

Lami ya barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay nayo imepunguza umbali uliokuwa kati ya watoto wa juu na wa chini. Zamani usipa waliofika Umatengo walikuwa wakavu tu, wamepanda mlima kwa miguu kubadilishwa na mahindi na maharage. Sasa waliovuliwa usiku wa kuamkia leo wanaweza kuwa sokoni Mbinga kabla ya saa sita mchana, bado wanang'aa, na watoto waliopo likizo hutumwa kuwanunua. Wauzaji huwapanga juu ya turubai kwa mafungu madogo madogo. Fungu moja ni sufuria ya nyumba moja.