Umeme si taa peke yake

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Usemi huo ulifaa zama za jembe la mkono, maana jembe baya humchosha mkulima tu, halimdhuru. Zana ya umeme ni jambo lingine. Ikichaguliwa vibaya hukata kidole, hupofua jicho au huunguza nyumba. Kwa hiyo wiki hii hatuna budi kuuliza: zana hizi zilitoka wapi, na historia yake inamfundisha nini mtu wa Igwachanya, Makambako au Dar es Salaam anayetaka kununua zana yake ya kwanza ili aweke rafu ukutani au atengeneze mlango wa jiko?

Tuanze na pwani yetu wenyewe. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinataja majahazi yaliyoshonwa katika pwani hii, karibu na mji wa biashara uliojulikana kwa jina la Rhapta. Chombo cha kushonwa hakina misumari. Mbao zake hutobolewa, kisha kamba hupitishwa katika matundu na kukazwa. Mtepe wa Waswahili ulikuwa wa namna hiyo. Maana yake ni kwamba fundi wa pwani alihitaji kutoboa kabla ya jambo lingine lolote, na zana yake ilikuwa keekee: mti wenye ncha ya chuma, unaozungushwa kwa kamba ya uta unaovutwa huku na huku. Mafundi wa majahazi na wa milango ya nakshi waliitumia kwa vizazi vingi.

Cha ajabu ni kwamba hata umeme ulipoingia katika kazi za mikono, ulianzia hapo hapo penye kutoboa. Mwaka 1889, huko Melbourne, Australia, Arthur James Arnot na William Blanch Brain walisajili keekee ya umeme, iliyokusudiwa kutoboa miamba na makaa ya mawe. Mwaka 1895 kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ikatengeneza ile inayobebeka kwa mikono. Kisha kampuni ya Black & Decker ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1910, ikaipa mpini kama wa bastola na kitufe cha kubonyeza kwa kidole. Drili unayoiona leo dukani ni mjukuu wa ile. Msumeno wa umeme wa mkononi ulifuata katika miaka ya 1920, na grenda ya mkononi, ile yenye sahani inayozunguka kwa kasi, ilikuja mwaka 1954 kutoka Ujerumani.

Na huku kwetu je? Ikumbukwe kwamba umeme haukuja Tanganyika kwa ajili ya taa za sebuleni peke yake. Wajerumani walipouweka Dar es Salaam mwaka 1908, ulihudumia karakana za reli pamoja na mitaa waliyoishi wakubwa wa kikoloni. Yaani tangu siku za mwanzo umeme ulikuwa na kazi mbili, kuangaza na kuzungusha mashine. Bahati mbaya, mwananchi wa kawaida alipoupata baadaye alijifunza ile kazi ya kwanza tu. Ya pili akamwachia fundi wa mjini.

Nyanda za juu za kusini ni mfano mzuri. Mwaka 1949 kampuni ya TANWAT ilianza kupanda miwati Njombe, kwa ajili ya magamba yatoayo dawa ya kulainishia ngozi. Baadaye mipaini ikaenea, hata leo ukipita Makambako huwezi kukosa kuona mbao zimepangwa kando ya barabara. Lakini kwa miaka mingi gogo lilipasuliwa kwa nguvu za watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwenzake chini akimwagikiwa na unga wa mbao, wakivutana msumeno mrefu tangu asubuhi hadi jioni. Miti ilikuwepo na mikono ilikuwepo, ila umeme haukuwepo.

Hali hiyo imebadilika. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Njombe, na Igwachanya ikawa makao makuu ya wilaya mpya ya Wanging'ombe. Mwaka 2018 njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ikaanza kazi. Nguzo zimefika. Swali ni je, tutaendelea kuuza mbao tupu na kununua kabati lililotengenezwa kwingine, na kumwita fundi kila bawaba inapolegea?

Hapo ndipo historia inapotoa ushauri. Anayeanza na anunue drili kwanza, kama alivyoanza fundi wa mtepe. Drili hutoboa, na ikiwa ina mwendo wa taratibu hukaza na kufungua skrubu. Kwa ukuta wa tofali au saruji, chagua yenye uwezo wa kugonga huku ikizunguka; kwa mbao peke yake, ya kawaida yatosha. Nguvu ya wati 500 hadi 700 inatosha kazi za nyumbani. Wala usiogope LUKU: drili ya wati 600 ikizunguka saa nzima mfululizo hula uniti 0.6, sawa na balbu ya kizamani ya wati 60 iliyowaka saa 10.

Ya pili iwe msumeno mdogo wa umeme, ule ukatao kwa kupanda na kushuka. Hukata ubao na kufuata mchoro uliopinda, na ni mpole kwa mgeni kuliko msumeno wa duara. Ya tatu ni mashine ya kusugua kwa msasa, kama kazi zimekuwa nyingi. Misumeno mikubwa na mashine za randa ziache kwanza mpaka mkono uzoee.

Grenda ndiyo inayonunuliwa kwa pupa, kwa sababu ni rahisi bei na hukata chuma kwa mbwembwe. Lakini tazama hesabu yake. Sahani ya milimita 115 ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Basi haliendi hivyo. Sahani hiyo ikipasuka, vipande vyake havimwulizi mtu jina. Anayeondoa kinga yake ili apate nafasi ya kukatia, au anayefunga sahani ya msumeno wa mbao mahali pa sahani ya chuma, anacheza na mauti. Kinga isiondolewe, miwani ivaliwe, na mwendo ulioandikwa kwenye sahani usiwe chini ya ule wa mashine.

Jambo la mwisho ni mitumba. Umeme wetu ni volti 230. Zana zilizotumika Marekani nyingi ni za volti 120, na ukizichomeka moja kwa moja katika soketi ya Igwachanya zitatoa moshi kabla hazijatoa kazi. Soma kibati kilichoandikwa ubavuni kabla ya kutoa fedha. Kagua waya, kama umefungwa utepe mahali pengi, iache. Sikiliza mashine ikizunguka, nusa kama inanukia kuungua.

Ndugu msikilizaji, babu zetu walitoboa mbao kwa uta na kamba, wakavuka bahari. Sisi tuna umeme ukutani na misitu mlangoni. Kama kazi ya umeme huo itakuwa kuwasha taa na redio tu, basi tumelipia nusu ya mali na kuiacha nusu nyingine kwa muuzaji.