Sindano Iliyobeba Chombo: Historia ya Kayaki na Wanawake Walioishona



Mmoja wa wasichana niliowafundisha kushona anaolewa. Kabla ya singo na hina, kabla hajawekwa ndani, aliniomba jambo moja: tutoke baharini siku nzima, yeye, dada zake wawili na mimi. Mama yake alikubali kwa masharti mawili, stara na jaketi la kuelea. Stara tulijishonea wenyewe: kanzu fupi ya magotini yenye mpasuo pande mbili, suruali pana, na mtandio wa kuvaa kama kofia usiohitaji pini.

Tulianzia upande wa Fumba maji yakiwa yamejaa, tukaifuata pwani ya Ghuba ya Menai kwa kayaki. Anayeijua pwani ile anajua kwamba si mchanga mtupu. Ni majabali ya mawe ya matumbawe, juu makali kama wembe, chini yameliwa na mawimbi mpaka visiwa vidogo vimesimama kama uyoga. Boti kubwa haisogei hapo, lakini kayaki hupita. Mbele alitangulia mzee mmoja aliyekuwa mvuvi, nyuma binti yake akafunga msafara. Kazi yao ilikuwa kutuweka mbali na mawe na kuturudisha kabla maji hayajapwa.

Mzee alipokuwa akituonesha namna ya kushika kafi lile la ncha mbili, aliigonga kayaki kwa kidole. "Hii plastiki ni ya juzi tu, wanangu. Asili ya chombo hiki ni ngozi, na walioshona ni wanawake." Mimi fundi cherehani, mengine aliyosema baada ya hapo sikuyasikia.

Tulipopumzika kwenye fungu la mchanga, bibi harusi mtarajiwa alinisogelea. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba upande wa mume wameshasema: akiolewa, cherehani amwachie mdogo wake. Hawataki mke wa kuinamia cherehani kutwa nzima. Nikamuuliza amejibu nini. Akasema, "Sikujibu kitu, dada. Ni kushona tu. Si jambo la kuvunjia posa."

Hilo neno "tu" lilinikaa kooni mpaka nyumbani. Nikaanza kusoma habari za kayaki, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Mifupa haielei

Neno kayaki limetoka kwa Wainuiti, watu wa nchi za barafu kutoka Greenland hadi kaskazini ya Kanada na Alaska. Wao huita qajaq. Huko miti ni adimu, kwa hiyo mbao zao nyingi zilikuwa zile zilizochukuliwa na mikondo ya bahari na kutupwa ufukweni. Mwanamume aliziokota, akazichonga, akaunda mifupa ya chombo kwa vigingi vya mbao na kamba za ngozi.

Vipimo alivitoa mwilini mwake. Kipimo cha Greenland kinachotajwa sana ni hiki: urefu ni pima tatu, yaani mikono iliyonyooshwa mara tatu. Upana wa mahali pa kukaa ni nyonga zake na ngumi mbili. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu dukani, futi ikiwa shingoni. Kayaki ilipimwa mtu kama anavyopimwa gauni, na ya mwembamba haikumfaa mnene.

Lakini mifupa haielei. Bila ngozi, kazi yote ile ni kapu lenye matundu. Hapo ndipo mwanamke alipoingia.

Alichukua ngozi za sili, mnyama wa baharini anayewindwa huko kwa nyama na mafuta. Akazikwangua kwa kisu chake kilichopinda kama mwezi mwandamo, kiitwacho ulu, mpaka mafuta na manyoya yakatoka. Kisha ngozi zikavalishwa kwenye mbao na kushonwa zingali mbichi na maji. Kazi hii haikungoja kesho, maana ngozi ikikauka hukaza kama ngoma. Kwa hiyo wanawake walikusanyika, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakashona pamoja mpaka wamalize. Sisi tuliowahi kukesha na gauni la harusi la kesho yake, mafundi wanne juu ya kitambaa kimoja, tunaielewa siku hiyo bila kuhadithiwa.

Uzi wao ulikuwa kano za wanyama, zilizochanwa nyembamba na kusokotwa. Na mshono wenyewe, dada zangu, ni wa ajabu. Sindano haikutoboa ngozi hadi upande wa pili. Iliingia katikati ya unene wa ngozi na kutokea upande ule ule, kama tunavyoshona pindo la kufichwa lisionekane nje. Ikapita safu moja ndani, kisha safu nyingine nje. Tundu la sindano halikupenya, kwa hiyo maji hayakuwa na njia. Na kano ikilowa huvimba, ikaziba hata kile kinafasi kilichobaki.

Sasa fikiria maji yenye barafu. Anayetumbukia humo bila kinga hana muda mrefu wa kuishi. Mume yule alikwenda mbali na nchi kavu kumfuata mnyama, peke yake, na kati yake na mauti palikuwa na ngozi moja na mshono wa mkewe. Mshono ukiachia, harudi.

Wanawake hao walishona pia koti la ngozi lenye kofia, tuilik kwa lugha ya Greenland. Upindo wake wa chini ulifungwa kwenye ukingo wa tundu la kukalia, na mikono na uso vikakazwa. Nguo na chombo vikawa kitu kimoja. Kayaki ikipinduka, mtu aliweza kujigeuza kwa kafi na kuibuka bila maji kuingia. Kulikuwa na chombo kikubwa zaidi pia, umiak, cha kuhamisha familia, mahema na mbwa. Huko Greenland waliokipiga makasia walikuwa wanawake, na watu wakakiita mashua ya wanawake.

Katika jamii hizo, mwanamume asiye na mke, mama au dada wa kumshonea hakuwa na chombo cha kuwindia. Hakuna aliyesema "ni kushona tu".

Mikono iliyowekwa rehani

Historia hii ina ukurasa wa machozi. Mwaka 1741 safari ya Vitus Bering, iliyotumwa na Urusi, ilifika Alaska. Walionusurika walirudi na ngozi za fisi-maji wa baharini, ambazo manyoya yake ni laini na yalikuwa na bei kubwa mno. Wafanyabiashara wakamiminika kwenye Visiwa vya Aleuti, kwa watu waitwao Waunanga. Hawa walikuwa mabingwa wa kayaki, na wanawake wao walishona hata makoti ya mvua kutokana na matumbo ya wanyama wa baharini, mepesi na yasiyopitisha maji.

Wafanyabiashara hao hawakuweza kumwinda fisi-maji kwa ustadi ule. Wakawalazimisha wanaume wa Kiunanga kuwinda kwa ajili yao, na ili wasitoroke, wakashika wanawake na watoto rehani. Ikaingia kayaki ya matundu matatu, ambayo bwana aliweza kukaa katikati na wenyeji wakapiga kafi mbele na nyuma. Kwa magonjwa, dhulma na kazi ya kulazimishwa, watu wale walipungua sana.

Mimi niliisoma sehemu hiyo mara mbili. Walioshikwa rehani walikuwa watu wa mikono ile ile iliyoshona vyombo. Utajiri ulihesabiwa kwa manyoya, na mshonaji hakuingizwa kwenye hesabu.

Fundi wa nguo wa Rosenheim

Kayaki ilifikaje kwa watu wa matembezi? Hapa pia nilikuta sindano. Mwaka 1905 mwanafunzi mmoja wa Ujerumani, Alfred Heurich, aliunda kayaki ya kukunja, yenye mbao za kuchomoa na kitambaa kisichopitisha maji, akaishusha mtoni. Mwaka 1907 haki ya kuitengeneza ilinunuliwa na Johann Klepper wa mji wa Rosenheim. Huyo Klepper hakuwa fundi wa mashua. Alikuwa fundi wa nguo, mshonaji kama mimi. Watu wakaweza kuikunja kayaki, kupanda nayo treni na kuishusha mtoni. Mwaka 1956 daktari wa Kijerumani, Hannes Lindemann, alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake katika kayaki ya kitambaa ya Klepper kwa siku 72.

Baadaye ikaja plastiki inayoyeyushwa kwenye kalibu, na tangu miaka ya 1970 ndiyo iliyoenea. Haina mshono hata mmoja. Ni imara, haiogopi jiwe la Fumba, na mimi binafsi nilishukuru kuikalia. Lakini mshono ulipoondoka, na mshonaji akasahaulika. Huko Greenland vijana walistuka katika miaka ya 1980 kwamba elimu ya babu zao inapotea, wakaanzisha vyama vya kuirudisha, kuunda na kupiga kafi kwa namna ya asili.

Na sisi tulishona

Usidhani haya ni mambo ya watu wa barafu peke yao. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki kuhusu bandari za bahari yetu alitaja pwani hii na vyombo vyake vilivyoshonwa. Mji mmoja aliouita Rhapta, alisema, ulipata jina kutokana na vyombo hivyo vya kushonwa. Chombo hicho kilidumu kwetu kwa jina la mtepe, hasa pande za Lamu na visiwa vyake: mbao zilizofungwa kwa kamba ya usumba na vigingi, bila msumari wa kuzishika, na tanga la mkeka. Kwa miaka mingi mtepe mmoja uliojengwa upya ulioneshwa ndani ya Beit al-Ajaib pale Forodhani, kabla sehemu ya jengo haijaanguka Disemba 2020.

Usumba hutoka kwenye makumbi ya nazi. Ukipita Paje au Jambiani maji yakipwa, utawakuta kina mama wameinama, wanafukua makumbi waliyoyafukia miezi mingi nyuma, wanayaponda, kisha wanasokota kamba. Watalii huwapiga picha na kupita. Sisi wenyewe tunapita bila hata kuwasalimu vizuri.

Na kwenye Qur'ani, Surat Al-Qamar, aya ya 13, safina ya Nabii Nuhu (alayhi salaam) inaelezwa kwa mbao zake na kile kilichoziunganisha. Wafasiri wengi wamesema ni misumari. Wataalamu wa lugha ya Kiarabu wametaja pia kuwa neno hilo lina maana ya kamba za nyuzi zinazofunga mbao za chombo. Subhana Allah. Allah hakutaja mbao peke yake. Alikitaja na kile kinachozishika.

Mkono mrefu

Niliporudi kwa yule bibi harusi sikumwambia avunje posa. Nilimkumbusha mama yetu Zaynab bint Jahsh (radhiya Allahu anha), mke wa Mtume wetu ﷺ. Mtume aliwaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata baada yake ni mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wanapimana mikono. Zaynab, aliyekuwa mfupi, ndiye aliyetangulia kufariki, na hapo wakafahamu kwamba mkono mrefu ni ule unaotoa sadaka. Na sadaka hiyo aliipata wapi? Imepokewa kwamba alikuwa mwanamke fundi wa mikono: alidabaghi ngozi, alishona ngozi, na alichokipata alikitoa katika njia ya Allah. Alikuwa ndani ya nyumba tukufu kuliko zote, na sindano yake hakuitupa.

Basi dada zangu mnaojiandaa, msiseme "ni kushona tu", wala "ni kupika tu", wala "ni kusuka tu". Kama kazi yako unataka kuendelea nayo, iseme kabla ya akdi, kwa adabu, kupitia kwa walii wako, na muulizeni sheikh namna ya kuiweka katika makubaliano. Jambo likisemwa mapema ni mazungumzo. Likisemwa baada ya harusi huwa ugomvi. Na kama mmekubaliana uiache, iache ukijua thamani ya unachokiacha, na mwenzio naye ajue.

Yeye amekwenda kuzungumza na baba yake. Baba amelipeleka upande wa pili, na jibu halijarudi ninapoandika haya. Cherehani yake bado iko dukani kwangu, nimeifunika kanga. Nasubiri kuambiwa niipeleke nyumba gani.

Tumuombee dua. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.