Hati ya Idhini: Kutoka Ukutani mwa Duka hadi Ndani ya Kompyuta

Reli ya Uganda ilipofika ukingoni mwa Ziwa Nyanza mwishoni mwa mwaka 1901, ikakoma mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo, biashara ya maduka ilienea bara, na leseni ya serikali ikaifuata nyuma; hata mwenye duka, awe wa mjini au wa soko la Sondu, mpakani mwa Kisumu na Kericho, wanakouziana Wajaluo na Wakipsigis samaki, nafaka na ng'ombe, akazoea ya kuwa idhini ya kuuza ni karatasi yenye muhuri, hutundikwa ukutani, nayo ina mwisho wake.

Programu za kompyuta hazikuzaliwa na desturi hiyo. Hapo kwanza aliyechukua mtambo alipewa na programu zake pasipo kutajiwa bei yake ya peke yake, mpaka Juni 1969 kampuni ya IBM ya Marekani ilipotangaza kutenganisha bei ya programu na ya mtambo. Na mwaka 1976 Bill Gates, akiwa kijana wa miaka 20, aliwaandikia wenye kompyuta ndogo waraka wa wazi, akilalamika kwamba wengi wao huinakili programu yake bila ya malipo. Na kwa kuwa nakala ya programu haipungukiwi na kitu mbele ya asili yake, waundaji walitafuta kufuli isiyo ya chuma: nambari za siri, vijiti vya kuchomeka nyuma ya mashine, na faili ya leseni. Kenya nayo, kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliihesabu programu miongoni mwa kazi za maandishi.

Faili hiyo ya leseni aghalabu ni mistari michache: jina la mwenye idhini, tarehe ya kuanza na ya ukomo, nambari ya kadi ya mtandao yenye tarakimu na herufi 12, inayoitambulisha mashine moja, na sahihi iliyopatikana kwa hesabu, ambayo hubatilika hata herufi moja ikibadilishwa. Fundi wa saiba huibeba kwa fleshi, akainakili katika folda ya programu, kisha akaifunga programu na kuifungua upya. Na ikikataa, hutazama kwanza kama jina la faili limeongezewa mkia wa .txt pasipo kuonekana, kisha saa ya mashine, maana betri ndogo ya ndani ikifa, umeme ukikatika saa hurudi miaka ya nyuma, na idhini ikahesabiwa kuwa haijaanza.

Basi katika duka moja la Sondu zakaa idhini mbili. Ile ya kaunti huisoma askari akiwa mlangoni. Hii ya pili huisoma programu yenyewe, na mashine ikiungua huteketea nayo. Kwa hiyo kila anunuaye na aweke nakala ya faili pamoja na risiti mbali na mashine, na aulize kabla ya kulipa kama ataruhusiwa kuihamishia kompyuta nyingine. Kwani alichouziwa ni ruhusa ya kutumia, wala hakuuziwa programu.