Mzee Musazi na mizani ya pamba

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Wandegeya wanamjua Martin Luther King, wanamjua Mandela. Ukiwauliza Ignatius Musazi ni nani, wanabaki kuangaliana. Na ile Bombo Road tunayovuka kila siku pale kwenye mataa ndiyo inayokwenda Bulemezi, alikozaliwa huyo mzee mwaka 1905.

Wakati wa Waingereza, rangi ya ngozi ndiyo ilikuwa kitambulisho chako. Serikalini mishahara ilikuwa na ngazi tatu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Baraza la Kutunga Sheria lilianza 1921, lakini Waafrika wa kwanza waliingia 1945, tena watatu tu.

Kwenye pamba ndiko kuliuma zaidi. Mkulima mweusi alilima, akapalilia, akavuna. Lakini viwanda vya kuchambua pamba karibu vyote vilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, na bei aliipanga mkoloni, chini ya bei ya soko la dunia. Jasho la huyu, mizani ya yule.

Musazi alikuwa amesomea dini Uingereza. Kwa elimu ile angeweza kukaa kwa raha zake. Yeye akashuka kwa wakulima, wakaunda chama chao. Walichodai hakikuwa kikubwa: tuchambue pamba yetu, tuiuze wenyewe. Aprili 1949 Buganda ikawaka moto. Nyumba za machifu zilichomwa, watu wakafa, na serikali ikapiga marufuku chama cha wakulima.

Mzee hakunyamaza. Machi 1952 akaanzisha Uganda National Congress, chama kilichotaka watu wa makabila yote na kikadai uhuru. Katibu wake mkuu alikuwa Abu Mayanja, kijana wa Makerere, hapo juu mlimani tunapopaona kutoka sokoni. Na miaka hiyohiyo serikali ikaanza kufungua njia ili vyama vya ushirika vya wakulima vipate viwanda vya pamba. Kelele za wakulima zilikuwa zimesikika.

Sasa kuna sehemu ambayo wanaomsifu Musazi huwa wanairuka. Mwaka 1959 vuguvugu la Uganda National Movement, lililoongozwa na Augustine Kamya, naye Musazi akiwa miongoni mwa viongozi, liliwaambia watu wasinunue kwenye maduka ya Wahindi. Sababu ilikuwepo, kwa sababu biashara kweli ilikuwa imefungiwa Waafrika. Lakini huko vijijini wenye maduka walitishwa, na hata Mwafrika aliyekwenda kununua chumvi kwa Mhindi alipata taabu. Hasira ilikuwa imetoka kwenye sheria ya mkoloni, ikahamia kwa jirani.

Agosti 1972 Idi Amin akaichukua hasira hiyo akaipeleka mwisho. Aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maelfu kwa maelfu wakaacha nyumba na maduka, wakawa wakimbizi. Wengine walikuwa wamezaliwa hapahapa.

Ndugu zangu wa kambini, sisi tunalijua neno “rudini kwenu”. Wengi tulilisikia kabla hata ya kufunga mizigo. Ndiyo maana hiyo sehemu ya historia hainipiti hivihivi. Namheshimu Musazi, kwa sababu alionyesha kwamba usawa unaanza kwenye bei, kwenye mshahara, kwenye nani anaruhusiwa kushika mizani. Lakini hata mtu mwema akishaonyesha kidole kwa jirani badala ya kanuni, hajui atakayekuja nyuma yake atafanya nini na kidole kile.

Musazi alifariki 1990, akazikwa Kololo kwa heshima. Kwa vijana wetu, na kwa nyinyi wa mashirika mnaokaa nao kwenye mikutano, ningependa tubaki na swali moja. Mgao ukipungua, kodi ikipanda, kazi zikikosekana, tuanze kwa kuuliza: hii kanuni nani aliiandika? Tusikimbilie kuuliza: huyu anatoka wapi?