Biblia ya Marejeo Yenye Jalada la Ngozi: Jinsi ya Kuiteua

Biblia ya marejeo ni chapa ya Maandiko ambayo pambizoni, kati ya safu mbili za maandishi au chini ya ukurasa, huwa na vidokezo vya kumpeleka msomaji kutoka mstari mmoja hadi mingine inayohusiana nao. Ikichapwa kwa karatasi nyembamba ya hali ya juu, ikashonwa kwa uzi na kuvalishwa ngozi ya mbuzi au ya ndama, huwa miongoni mwa vitabu ghali kabisa katika duka la vitabu vya dini. Wanaosifika kwa kazi hii ni pamoja na Cambridge University Press, kampuni ya R. L. Allan iliyoanza Glasgow mwaka 1863, na kiwanda cha Jongbloed cha Heerenveen, Uholanzi, ambacho huchapa na kujalidi kwa niaba ya wachapishaji kadhaa. Mnunuzi kwa kawaida huanza na ngozi: huipapasa, huinusa, hukunja jalada aone ulaini wake, na mengine huyafikiria baadaye. Utaratibu huo unaanzia mwisho. Ngozi ikichakaa hubadilishwa. Marejeo, herufi na karatasi ndivyo vitakavyobaki mkononi mwa msomaji kwa umri wote wa kitabu, na hivyo ndivyo vinavyostahili kuamua.

Marejeo ndiyo moyo wa kitabu hiki, na historia yake ni ndefu. Namba za mistari ya Agano Jipya zinazotumika leo ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Bila namba hizo haingewezekana kumwelekeza msomaji kwenye kifungu kwa usahihi tunaouzoea. Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611 ilitoka na marejeo yapatayo 9,000, na Benjamin Blayney wa Oxford akaongeza maelfu mengi katika chapa yake ya mwaka 1769. Mwaka 1898 wanazuoni wa Oxford na Cambridge walikamilisha marejeo ya tafsiri ya Revised Version, kazi iliyofanywa kwa uangalifu kiasi kwamba tafsiri ya ESV, iliyotoka mwaka 2001, ilijenga mfumo wake juu ya msingi huohuo. Lakini marejeo hayafanani. Biblia ya Scofield ya mwaka 1909 imeambatanisha marejeo na maelezo yanayofundisha kwamba historia ya wokovu imegawanyika katika vipindi saba. Ile ya Frank Charles Thompson ya mwaka 1908 hufuatilia mada moja baada ya nyingine kwa minyororo ya namba. Kwa hiyo anayenunua marejeo ananunua pia hukumu ya mtu aliyesoma kabla yake, na ni haki yake kuijua. Njia ya kuyapima ni kufungua mahali unapopafahamu. Waebrania 1:5 yapaswa kukupeleka Zaburi 2:7 na 2 Samweli 7:14. Mathayo 27:46 ikupeleke Zaburi 22:1, na zaburi hiyo nayo ikurudishe kwa Mathayo. Pambizo lililojaa vidokezo vinavyooanisha neno na neno lakini likakosa nukuu hizo ni pambo tu, hata kama jalada lake ni la mbuzi.

Kipindi kilekile kilichozaa marejeo hayo ya mwaka 1898 kinatupa ushahidi wa upande wa pili, yaani wa ngozi. Majalada mengi ya ngozi ya mwishoni mwa karne ya 19 yalianza kusagika na kuwa unga mwekundu kitabu kingali kipya rafuni. Tatizo lilikuwa kubwa hata Society of Arts ya London ikaunda kamati mwaka 1900 kulichunguza. Chanzo chake sasa kinaeleweka: ngozi zilizodabaghiwa kwa baadhi ya magome ya miti hufyonza gesi ya salfa kutoka katika hewa yenye moshi wa makaa na taa za gesi, nayo hugeuka kuwa asidi ndani ya nyuzi zake. Marejeo ya wakati ule yanatumika hadi leo, ilhali ngozi nyingi za wakati ule zimekwisha. Ngozi za sasa zilizodabaghiwa kwa kromiamu zinahimili zaidi, hilo ni kweli. Hata hivyo, lebo iliyoandikwa kwamba jalada ni la ngozi halisi yaweza kuficha ngozi ya nguruwe au tabaka la chini la ngozi ya ng'ombe lililogongwa chapa ya vinyweleo. Na inayouzwa kama ngozi ya kuunganishwa ni mabaki yaliyosagwa yakashikamanishwa kwa gundi, ambayo hupasuka upesi pale jalada linapokunjika. Ngozi ya mbuzi inastahili sifa zake: nyuzi zake ni imara, hukunjika bila kuvunjika, na mikwaruzo haionekani sana juu ya vinyweleo vyake. Ya ndama ni nyororo na ya kupendeza, ila kila ukucha huacha alama.

Linalounganisha yote ni mshono. Katika kitabu kilichoshonwa, karatasi hukunjwa kuwa vitita, uzi ukapita katika mkunjo wa kila kitita na kukifunga kwa jirani yake. Mashine ya kazi hii hubeba hadi leo jina la mvumbuzi wake Mmarekani wa karne ya 19, David McConnell Smyth. Kilichogundishwa tu hukatwa mikunjo, kisha karatasi mojamoja ikashikwa kwa gundi. Tofauti huonekana bila kifaa chochote: tazama mgongo wa kitabu kutoka juu, penye mshono utaona vitita vimepangana kama matao madogo, na katikati ya kitita uzi utajionyesha. Mshono ukiwepo, mjalidi anaweza kuvua jalada lililochoka na kuvisha jipya. Usipokuwepo, ngozi ya bei yoyote inafunika kitabu kitakachoanza kumwaga kurasa.

Karatasi na herufi huvutana. King James ina maneno takriban 780,000, nayo yakichapwa kwenye karatasi ya ofisi yangetoa tofali lisilobebeka. Oxford ilitatua jambo hili mwaka 1875 kwa karatasi nyembamba iitwayo India, na chapa bora za leo hutumia karatasi za gramu 28 hadi 36 hivi kwa mita ya mraba. Uwembamba huleta kivuli cha maandishi ya upande wa pili. Mchapaji makini hukipunguza kwa kuipanga mistari ya pande zote mbili ipatane, ili nafasi nyeupe kati ya mistari ibaki nyeupe. Herufi ndogo zinazosomeka leo zinaweza kumshinda msomaji yuleyule baada ya miaka 20, na herufi za marejeo ni ndogo zaidi kuliko za mistari yenyewe. Zisomwe usiku, chini ya taa ya nyumbani, kabla ya kulipa.

Wapo watakaosema simu inatoa marejeo mengi zaidi bure. Kwa kutafuta neno, simu imeshinda, na itifaki nene ya mwishoni mwa kitabu, yaani faharasa ya maneno, haistahili tena kulipiwa. Lakini simu hujibu inapoulizwa. Pambizo lililochapwa humwonyesha msomaji kifungu ambacho hakujua kukiuliza. Wengine huona gharama hii haiendani na unyenyekevu wa imani. Pingamizi hilo lina uzito, na hoja ya makala hii inalipunguza: Cambridge, kwa mfano, huuza kurasa zilezile katika majalada ya daraja tofauti, kwa hiyo msomaji anaweza kupata marejeo na mshono uleule bila kulipia mbuzi.

Kwa wasomaji wa Kiswahili hoja hii ina manufaa ya moja kwa moja. Tafsiri ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, bado inapendwa katika makanisa mengi ya Tanzania na Kenya, na kwa kawaida huuzwa ikiwa na jalada gumu, la plastiki au la zipu. Anayepata chapa yake yenye marejeo na iliyoshonwa ameshapata sehemu ngumu. Ngozi anaweza kumpelekea fundi. Fundi aambiwe mapema asitoboe kitabu ubavuni kama afanyavyo kwa ripoti za ofisi, kwa sababu uzi wa ubavuni humeza pambizo la ndani na kukizuia kitabu kulala wazi mezani. Wala asikate upya kingo za kurasa: katika chapa nyingi nafasi kati ya maandishi na ukingo ni finyu, na kisu kikipita humo hakirudishi kilichokatwa.