Onyo Peke Yake Halitoshi: Marekani na Historia ya Kujikinga na Tornado

Mchana wa Machi 18, 1925, wingu zito jeusi lilishuka kwenye vilima vya Missouri, katikati ya Marekani. Kwa muda wa saa tatu na nusu lilivuka Mto Mississippi, likakatiza kusini mwa Illinois na kuishia Indiana, kilomita zipatazo 350 kutoka lilikoanzia. Wengi waliokuwa njiani mwake hawakuuona mkonga wa tornado, yaani ule upepo unaozunguka ukining'inia kutoka mawinguni. Waliona giza tu likiwajia kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa. Lilipokwisha kupita, watu 695 walikuwa wamekufa. Mji wa Murphysboro peke yake ulipoteza watu 234. Katika mji mdogo wa De Soto, watoto 33 walifia shuleni.

Hakuna tornado iliyoua watu wengi kiasi hicho katika historia ya Marekani, na siku ile hakuna aliyeonywa. Mwanajeshi John Park Finley alikuwa ameanza kujaribu kutabiri tornado mwaka 1884, lakini kazi yake ilisitishwa, na watabiri wa serikali wakakatazwa hata kuitaja tornado kwenye taarifa zao. Wakubwa waliogopa kwamba taharuki ingeleta madhara makubwa kuliko upepo wenyewe. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1938.

Wakulima wa nyanda za Kansas na Oklahoma hawakuwasubiri wakubwa. Walichimba mahandaki karibu na nyumba zao: ngazi chache za kushukia, mlango mzito wa mbao ulioinamia ardhini, na ndani rafu za viazi na mitungi ya matunda. Siku za kawaida handaki lilikuwa ghala la chakula. Hali ya hewa ikichafuka, familia nzima ilishuka humo na kufunga mlango.

Utabiri nao ulipata nguvu mpya Machi 1948. Tarehe 20, tornado iliharibu ndege nyingi katika kambi ya jeshi la anga ya Tinker, Oklahoma. Maofisa wawili wa hali ya hewa, Ernest Fawbush na Robert Miller, waliamriwa kuchunguza kama janga lile lingeweza kutabirika. Siku tano baadaye waliona kwenye ramani zao dalili zilezile, wakatoa onyo, na ndege zikahifadhiwa. Jioni hiyohiyo tornado ikaipiga tena kambi ileile. Tangu hapo ilikuwa vigumu kwa yeyote kudai kwamba tornado haitabiriki.

Lakini aliyeonywa akimbilie wapi? Jibu lilianza kupatikana Lubbock, Texas, baada ya tornado ya Mei 11, 1970 kuua watu 26. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Texas Tech walipopita kwenye vifusi, waliona kwamba mahali pengi nyumba ilikuwa imebomoka yote isipokuwa kijichumba cha katikati, kama vile bafu au stoo. Wakajiuliza: kwa nini chumba hicho kisijengwe kwa makusudi ya kuokoa maisha? Ndipo wakabuni chumba cha usalama cha ndani ya nyumba, chenye kuta imara zilizofungwa barabara kwenye msingi.

Walivipima vyumba hivyo kwa njia ya kikatili. Mzinga wa hewa hurusha ubao wa karibu kilo saba kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa dhidi ya ukuta au mlango. Ubao ukipenya, kazi inaanza upya, kwa sababu aghalabu kinachoua ndani ya tornado ni mbao, mabati na matofali yanayopeperushwa.

Mwaka 1998 serikali ya Marekani ilichapisha michoro ya vyumba hivyo kwa ajili ya wananchi. Mwaka uliofuata, Mei 3, tornado iliyopita Bridge Creek na Moore, Oklahoma, iliua watu 36. Rada ilipima upepo wake ukizidi kilomita 480 kwa saa.

Moore ilipigwa tena Mei 20, 2013. Onyo lilitolewa dakika 16 kabla ya tornado kugusa ardhi. Hata hivyo watu 24 walikufa, wakiwemo watoto saba wa Shule ya Msingi Plaza Towers. Shule hiyo haikuwa na chumba cha usalama, ingawa miaka 14 ilikuwa imepita tangu msiba wa kwanza. Ilipojengwa upya, ilijengwa pamoja na kimbilio.

Hatua nyingi katika historia hii zimekuja baada ya mazishi, na jambo hilo linauma kwa sababu maarifa yalikuwapo. Hadi leo sehemu kubwa ya vifo hutokea kwenye nyumba nyepesi za kuhamishika, ambako kipato ni kidogo na chumba cha usalama ni anasa. Familia inaweza kuchagua mapema chumba cha kujificha kisicho na madirisha, kuweka redio ya betri na viatu karibu, na kuwazoesha watoto kukimbilia huko. Lakini familia haiwezi kujenga shule wala kugharimia kimbilio la mtaa mzima. Serikali inayonunua rada ili kuwaonya watu ina wajibu uleule wa kuhakikisha kwamba anayelisikia onyo ana mahali pa kwenda.