Saumu ya Shosho na Kaburi la Mathari

Shosho alikohoa wiki sita. Kila asubuhi alikuwa anatupa punje nzima za kitunguu saumu kwenye sufuria, anachemsha, anakunywa. Nikamwambia twende hospitali. "Wewe uliyeacha chuo ndiye utanifundisha dawa?" Nikanyamaza. Lakini kabla sijaacha hicho chuo, nilisoma kemia mwaka mmoja.

Saumu inaua bakteria kweli, hiyo si porojo. Mwaka 1944, Wamarekani Chester Cavallito na John Hays Bailey walitoa ndani yake kemikali inayofanya hiyo kazi, wakaiita alisini. Shida ni kwamba punje nzima haina alisini. Ina vitu viwili vinavyokaa mbalimbali: alini na kimeng'enya chake. Ukiponda, vinakutana, na hapo ndipo alisini inatokea pamoja na ile harufu kali. Ukichemsha kabla ya kuponda, moto unaharibu kimeng'enya. Na hata ukiponda vizuri, alisini haikawii kuvunjika mwilini. Kinachoua bakteria kwenye sahani ya maabara si lazima kiponye mapafu.

Januari mwaka huohuo, Albert Schatz, Elizabeth Bugie na Selman Waksman wa Chuo cha Rutgers walitangaza streptomaisini, iliyotoka kwa bakteria wa udongo. Ndiyo ikawa dawa ya kwanza ya kuiweza TB.

Kwa mtu mmoja aliyelala hapa kwetu, ilichelewa. Ukitoka mjini Nyeri ukafika Mathari, utaona kanisa la ukumbusho wa Waitaliano. Humo amezikwa Amedeo wa Aosta, aliyetawala Ethiopia kwa niaba ya Italia. Waingereza walimteka 1941, akafa Nairobi Machi 1942, akiwa bado mfungwa, kwa TB na malaria. Mtu wa ukoo wa kifalme, na dawa ya TB haikuwepo popote duniani.

Nilimsimulia shosho hayo tukiwa jikoni. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Na hiyo dawa sasa ni pesa ngapi?"

"Hospitali za serikali ni bure, shosho."

Akafunga kitambaa kichwani, tukashuka stegi.

Makohozi yalipimwa: TB. Akameza vidonge miezi sita, akamaliza. Saumu hajaacha. Siku hizi anaiponda kwanza, anaitia kwenye sukuma wiki. Kadi ya kliniki ameihifadhi kwenye kabati la vikombe.